Nondo wa Jezi Namba Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Kaka Gani,

Wamempa Rodel unahodha wako. Rodel!

Kocha Kulas ametangaza leo jioni kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, mkasi bado umo mfukoni mwa shati, maana alikuja moja kwa moja kutoka kwenye kibanda chake cha kunyolea. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mchezo uliopita nilifunga pointi ishirini na mbili, na Rodel nne. Akasema anajua. Akasema pia anajua kwamba tulifungwa. Nikamuuliza hilo linanihusu nini mimi. Akanitazama vile anavyomtazama mteja aliyejinyoa mwenyewe nyumbani kisha akaja arekebishiwe.

Na hilo si baya kuliko yote. Jezi yako namba saba bado iko kwenye msumari kando ya sanamu ya Mtoto Yesu, pale Mama alipoitundika tuliporudi makaburini kukuzika. Timu imekubaliana na Mama kwamba sala ya arobaini yako ikiisha, Jumanne ya wiki ijayo, nahodha ataichukua. Tukifika fainali, mkesha wa sikukuu ya San Roque, mtakatifu wa mtaa wetu, ataivaa. Yaani Rodel ataivaa. Jasho la Rodel ndani ya jezi ya kaka yangu!

Ukosi wake bado unanukia ile dawa yako ya kuchua misuli. Nilinusa asubuhi, Mama alipokuwa kwenye tanuri akioka skonzi za kuuza. Kidogo tu.

Haki ni haki. Jezi ni ya damu. Nitaipata.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefikiri sana juu ya uongozi. Nahodha ni sauti. Wewe hukuwa unapiga kelele, najua, lakini wewe ulikuwa mrefu. Hukuzihitaji.

Basi leo mazoezini nilipiga kelele. Niliwaelekeza wote, hata wale waliokuwa wanafanya sawasawa. Nilimpigia kelele hasa Onyok. Unamkumbuka anavyodaka mpira, kama mtu anayetupiwa kuku hai. Miaka mitatu anakalia benchi, na kila mchezo ukikaribia kuisha wewe ulikuwa unamwendea Kocha kumwambia, mwingize Onyok. Sikuwahi kuelewa kwa nini. Nikamuuliza Onyok mbele ya watu, mikono hiyo ni yako au umeazima? Wawili wakacheka. Nikaona, naam, uongozi umeanza kushika!

Onyok akaweka mpira chini, akatoka nje ya uwanja na kwenda kusimama nyuma ya mashine ya barafu ya mama yake muuza samaki.

Rodel akamfuata. Walikaa huko hadi nikaanza kuchoka kupiga kelele, kisha wakarudi wanakula ndizi za kukaanga kwa sukari, kijiti kimoja, huyu anang'ata, yule anang'ata. Rushwa ya wazi! Na Kocha Kulas anatazama, anatabasamu!

Sauti imekauka. Mama amenipa tangawizi na kuuliza nilikuwa namwita nani.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumeshinda! Tuko fainali. Na nina hasira.

Sikiliza. Zimebaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja. Mpira ninao mimi. Kocha anapiga mayowe nimpe Rodel, aliye peke yake upande wa kulia. Mbele yangu wako watu watatu wa mtaa wa Kanluran, mmoja wao yule fundi wa pikipiki mwenye kifua kama mlango wa kanisa. Nikajiambia, Teban, sasa ndipo watakapokujua. Rodel naye badala ya kukaa alipo akaja mbio, akajisimamisha mbele ya yule fundi ili anizibie njia. Wakagongana. Nikarusha. Mpira ukapiga ubao, ukapiga chuma, ukapiga ubao tena, ukaingia.

Nikageuka, mikono juu, nisubiri kubebwa.

Wote wamemkimbilia Rodel! Amelala sakafuni, pua inatoka damu, wanamwinua, wanampangusa, wanamwita simba, na Onyok anamshikia barafu kwa ile mikono yake ya kuazima. Mimi nimesimama chini ya kikapu peke yangu, kama sanamu ya San Roque iliyokimbiwa na mbwa wake.

Aliyefunga ni nani? Nilimuuliza Kocha Kulas hivyo hivyo. Akasema, wewe. Akaongeza, na aliyekuwezesha je? Nikamjibu, miguu yangu. Akashusha pumzi na kwenda zake.

Wewe ungenibeba. Nilipofunga mara ya kwanza, nikiwa na kimo cha meza, ulinibeba mabegani hadi nyumbani, nami nikakupiga kisigino kifuani njia nzima kwa furaha. Ulisema hakiumi. Kesho yake niliona alama.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepata njia! Usinikasirikie.

Ile wiki tuliyokuzika, nondo mkubwa wa kahawia aliingia sebuleni na kukaa kwenye pazia. Mama aliinuka, akazima feni ili asipeperushwe, akamwambia, karibu mwanangu. Tangu siku hiyo hakuna anayethubutu kufukuza nondo nyumbani kwetu. Hapa mtaani hata mlevi anajua kwamba nondo wa kahawia ni marehemu aliyekuja kutazama watu wake.

Basi, nani atabisha marehemu mwenyewe akija siku ya arobaini yake, mbele ya timu nzima, akatua begani kwangu?

Jioni hii nimemkamata mmoja kwenye taa ya tanuri. Mkubwa, mzuri, ana vumbi la dhahabu kwenye mbawa. Nimemweka kwenye kopo la maziwa lenye matundu. Nimesikia kwamba nondo hupenda tunda lililoiva kupita kiasi. Nimetafuta ndizi mbivu iliyokwisha kuwa nyeusi. Siku hiyo nitajipaka begani, nimfungulie, kazi imekwisha.

Si uongo, Kaka. Ungekuja mwenyewe ungetua kwangu. Mimi nakurahisishia safari tu.

Jumanne, 12 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Watu walijaa tangu jua halijatua. Mama alikuwekea sahani yako: wali, samaki wa chumvi, na yale maganda ya skonzi yaliyoungua chini uliyokuwa unayapigania nami. Aliyachagua mwenyewe, moja moja. Nikatoka nje kidogo.

Nikarudi, nikakaa karibu na jezi. Begani ndizi, chini ya kiti kopo. Sisimizi wakafika kabla ya wazee wa sala! Wakapanda mguuni, mgongoni, hadi shingoni. Mama akageuka katikati ya rozari kuuliza kwa sauti ndogo nani ananuka ndizi mbovu. Kila mtu akamtazama Onyok, aliyekuwa anapita na jagi kuwamiminia maji mabibi. Nikamtazama na mimi.

Ilipofika sala ya mwisho nikafungua kopo kwa kidole cha mguu.

Akatoka! Akazunguka taa. Bibi mmoja akashika kifua, akasema, jamani, kijana amekuja. Akashuka, Kaka, akanigusa. Nakuapia alinigusa begani! Nilizihisi mbawa. Nikafumba macho kwa unyenyekevu, kama inavyompasa nahodha.

Nilipoyafumbua, yuko kichwani kwa Onyok.

Kichwani! Katikati kabisa, kama kitambaa cha kujifunika misani. Onyok hakuthubutu kupumua. Jagi limeinama, glasi imejaa, maji yanamwagika juu ya viatu vya Rodel, na Rodel naye hasogei. Kocha Kulas akavua kofia. Akasema, anatuambia lile lile alilokuwa anatuambia kila siku, mwingizeni Onyok. Watu wakalia. Wazee wazima wanalia!

Rodel ndiye aliyeinuka. Akaenda kwenye msumari, akaitoa jezi, akasema kama nahodha ni yeye, basi amri yake ya kwanza ni hii. Akamvisha Onyok juu ya shati. Imemkaza tumboni. Namba saba imekuwa pana kama mdomo unaocheka.

Rodel ameigawa! Alikuwa nayo mkononi, akaigawa! Mtu wa namna gani huyu?

Nikainuka niseme. Niwaambie wote kwamba nondo huyo ni wangu, nimemkamata Jumapili, kopo hili hapa. Mdomo ulikwisha kufunguka. Mama akanishika mkono. Uso wake ulikuwa umetulia, vile haujawahi kutulia tangu ulipolazwa hospitali. Akaniuliza, Teban, umemwona kaka yako?

Nikasema nimemwona.

Sisimizi walikuwa bado wananiuma.

Ijumaa, 15 Agosti

Fainali na mtaa wa Ilaya. Mvua juu ya mabati, hata filimbi haisikiki.

Kocha amemwanzisha Onyok. Amemwanzisha! Na Rodel, nahodha mzima, alikaa benchi kumpisha, akawa anagawa taulo. Onyok alipoteza mpira mara ngapi, sijui. Kila akipoteza Rodel anapiga makofi na kumwambia, tulia, mdogo wangu, unaofuata wako. Nami kila nikikosa ananiambia hivyo hivyo! Nikamwambia mimi si mdogo wako. Akasema, haya, kaka yangu, unaofuata wako. Huyu mtu hatukaniki!

Baadaye Rodel akaingia, mmoja wetu akaumia kifundo cha mguu, na Onyok akabaki uwanjani. Mwisho tuko nyuma kwa pointi moja. Sasa nilijua la kufanya. Mpira ninao, saa inaisha, watu wawili wananizonga, na mmoja wao, kijana wa Ilaya mwenye meno ya fedha, ananiambia, rusha basi, mtoto wa skonzi, tunajua hugawi hata ukipewa sumu. Niliinua mikono nirushe.

Kwa pembe ya jicho nikaona namba saba.

Chini ya kikapu, upande wa kushoto, pale pale ulipokuwa unapenda kusimama, viganja wazi. Nisingeweza kukosea mahali hapo hata gizani. Mikono ikaenda yenyewe. Nikakupa.

Si wewe. Alikuwa Onyok.

Akaudaka kwa tumbo. Akauinua kama anaweka beseni la samaki kwenye rafu. Ukaingia.

Sijui kilichotokea baadaye. Walimbeba Onyok. Rodel akanijia, pua yake bado imevimba, akanikumbatia na kunisemea sikioni kwamba hiyo ilikuwa pasi ya Gani. Nikamsukuma. Nikamwambia hiyo ilikuwa makosa! Ningeangalia uso badala ya namba, ningerusha mwenyewe! Akacheka, akadhani natania. Kocha Kulas naye akanipiga bega na kusema mwaka ujao tutazungumza habari za unahodha, maana leo nimejifunza kitu.

Nimejifunza nini? Nilimwona ndugu yangu, haikuwa yeye, basi. Kuna somo gani hapo?

Jumamosi, 16 Agosti

Sikukuu. Nguruwe wa kubanikwa kila nyumba, matarumbeta, sanamu ya San Roque imepitishwa barabarani pamoja na mbwa wake. Sikutoka sana.

Asubuhi Onyok alileta jezi. Ameifua! Ameifua, ameipiga pasi, ameikunja kama nguo ya kanisani. Nani alimwambia afue? Alisimama mlangoni anatabasamu, mikono nyuma, akasema hakutaka turudishiwe jezi yenye jasho lake. Mama akambusu. Mimi nikauweka ukosi puani. Sabuni ya maua.

Nilimwambia asante, nikafunga mlango kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, nikakaa jikoni.

Chupa yako ya dawa ya kuchua ilikuwa bado nyuma ya unga, imebaki kidogo chini. Nimeupaka ukosi kwa kidole. Si sawasawa, lakini inakaribia. Nimeitundika tena kwenye msumari.

Mchana kutwa nimetafuta nilipokosea na nimepapata. Ni ndizi. Ndizi huleta sisimizi, na nondo aliwaogopa, ndiyo maana akahama. Mwaka ujao, siku ya kuanua matanga mwaka ukitimia, nitatumia embe. Nitakamata nondo wawili, mmoja akipotea mwingine atafika. Na Onyok nitamtuma dukani mapema. Rodel hatakuwa na la kusema, na pasi sitatoa kwa mtu yeyote kabla sijamtazama usoni.

Kopo nimelisafisha.

Lakini kama utakuja mwenyewe, Kaka, bila kopo na bila embe, mimi hulala upande ule ule, karibu na dirisha. Nikumbuke.

Teban