Picha ya Mama Mkwe Dirishani

Jumatatu, 4 Juni
Chumba cha mbele cha mama mkwe, kile kinachotazama barabara, kimebaki kitupu. Fundi cherehani aliyekipanga amehama. Nakitaka kiwe studio yangu! Mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, naye anakitaka kiwe karakana yake ya kutengenezea majokofu. Mama anakwenda kwa dada yake keshokutwa na ataamua akirudi Jumapili. Mwanyumba keshaanza kujikomba. Jana kaziba bomba la jikoni linalovuja bila kuombwa na mtu. Mimi nina silaha kali zaidi: kamera ya dijitali. Nitampiga mama picha nyeusi na nyeupe. Za rangi kila mtu anazo kwenye simu. Nyeusi na nyeupe ni za watu wenye jicho. Mke wangu kauliza jicho hilo nimelipata lini. Wivu tu.

Jumanne, 5 Juni
Fundi kamera kanishauri nipige kwa rangi kwanza, kisha rangi niitoe kwenye kompyuta, ili nikiharibu niwe na pa kurudi. Nimemshukuru kwa adabu. Watu waoga wana taabu! Nimeiweka kamera ipige nyeusi na nyeupe moja kwa moja. Kumbe ndani ina vichujio vya rangi pia: chekundu, cha njano, cha kijani. Nimechagua kijani. Kijani ni rangi ya afya.

Mama kaja na gauni jipya la zambarau lenye maua ya rangi ya chungwa. Kalishonesha kwa ajili ya picha hii. Nimemkalisha kando ya dirisha, mwanga ukimpiga ubavuni, maana nimesoma kwamba picha hizi zinataka vivuli. Nimemkataza kutabasamu. Si kazi ndogo, mama ni mcheshi. Kasema picha ikimpendeza, funguo za chumba atanikabidhi kwa mkono wake.

Jumatano, 6 Juni
Mama kasafiri. Nimefungua picha. Lo! Kichujio cha afya kimemchora makunyanzi ambayo hata yeye hayajui. Gauni limekuwa jeusi tii, maua yamepotea. Ananitazama kama mtu aliyenisamehe kila kitu. Nikataka kurudisha rangi. Hakuna rangi! Kamera haikuihifadhi. Nimemkimbilia fundi kamera, naye amejitahidi asicheke, na hilo ndilo lililoniuma. Nimekaa, nimeitazama tena, nikajipa moyo. Hii ndiyo sanaa yenyewe. Nimeisafisha kubwa, nikaitia fremu nyeusi.

Ijumaa, 8 Juni
Wazo! Mama kamwachia mke wangu funguo za akiba. Mke wangu yuko zamu hospitalini hadi keshokutwa. Nimeziazima kimyakimya. Nimeisimamisha picha kwenye dirisha la chumba cha mbele, mama akirudi aikute studio imeshazaliwa. Mwanyumba atabaki kukodoa macho! Chini yake nimeweka maua meupe, maana kando ya fremu nyeusi yanakaa vizuri mno. Na mshumaa mmoja, kwa ajili ya mwanga laini.

Jumamosi, 9 Juni
Watu! Muuza matunda wa ng'ambo ya barabara kasimama dirishani, kashika tama. Wanaume wanavua kofia wakipita. Mwenye duka kaleta viti, wengine wamefunga turubai. Akina mama wameingia, wameketi chini, wanalia. Sijapata kuona picha ikiwagusa watu namna hii! Nimepeana mikono hadi kiganja kikaniuma. Wakauliza mama anafika lini. Nikasema kesho, kwa basi, mwanyumba atakwenda kumpokea. Wakatikisa vichwa. Nikawaomba wasikose, nikasema nina furaha isiyo kifani. Mzee mmoja kanitazama vibaya sana. Hana jicho.

Jumapili, 10 Juni
Sina hamu.

Mama katokea, mwanyumba nyuma yake na mabegi. Kaona turubai, kaharakisha, kauliza kwa sauti nani amefariki. Muuza matunda akaanguka chini. Wengine walitimua mbio wakaacha viatu. Mama akaingia, akajikuta yeye mwenyewe katikati ya maua na mshumaa. Nilingoja matusi. Hakutukana. Kauliza taratibu gauni lake la zambarau liko wapi.

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Mama hakuwa amekasirika, alikuwa ameumia. Alilishonesha kwa ajili ya picha yangu. Nimeomba radhi hadi sauti ikakauka. Funguo kampa mwanyumba palepale, mbele ya waombolezaji wake mwenyewe. Jokofu la kwanza limeingia turubai halijafunguliwa. Mke wangu karudi kutoka zamu, kasikia yote njiani. Chakula kala peke yake.

Jumatatu, 11 Juni
Mama kaniita. Nimekwenda. Kasema ameitazama ile picha vizuri, na kweli ni yeye. Siku yake ikifika itumike hiyohiyo, watu wasihangaike kutafuta nyingine. Kwa sasa lakini anataka moja ya rangi, akiwa anacheka, na apigwe na mwanyumba kwa simu.

Hayo ya mwanyumba sikuyasikiliza sana. Nilikuwa nimeshaona mwanga! Mji mzima umejaa watu ambao hawana picha ya siku hiyo. Wanawaachia jamaa wapekue albamu wakiwa na uchungu. Kwa nini wasipigwe mapema, wangali wanaweza kukaa wenyewe kwenye kiti?

Jioni nimebisha hodi kwa mwalimu mstaafu, jirani yetu, ambaye kikohozi kimemkaba tangu juzi. Nimemweleza yote, na nikamshauri tusikawie. Binti yake amenifungia mlango. Nimewaachia nafasi wafikirie. Kesho nitapita tena, asubuhi na mapema, mwanga ukiwa mzuri.