Shule ya Miche Miwili ya Sabuni

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Kijiji cha Mgwashi kinajenga shule. Ofisi yetu ya ujenzi hapa Lushoto itatoa mchoro na msimamizi mmoja, atakayekaa huko miezi mitatu. Huko ndiko anakofundisha Mwalimu Mwamvita. Nilimwona mara ya mwisho Julai, kituo cha basi. Alisema karibu Mgwashi. Tangu hapo nafika kila siku, kwa mawazo tu.

Bwana Nathanaeli, mkuu wetu, anasema atamtuma atakayewaelewesha wanakijiji. Zahoro ameshaanza kunoa penseli. Zahoro ana mkono mzuri, rula mpya, na hampendi mtu yeyote Mgwashi. Dhuluma.

Jumanne, 5

Nimepata akili. Ramani hawataisoma, watausoma mfano. Si mfano wenye madirisha na mapambo. Vipande vitupu: hiki madarasa, hiki stoo, hiki nyumba ya mwalimu. Unavisogeza mpaka vikae sawa, ndipo unachora.

Nimejaribu udongo, umepasuka. Viazi vimenyauka. Miche miwili ya sabuni ya mama imekubali kisu vizuri sana. Mama aliipangia foleni asubuhi nzima. Ameuliza imekwenda wapi. Nimesema panya.

Nimechonga na kipande cha nne, kidogo: banda la msimamizi. Nimekiweka hatua sita kutoka nyumba ya mwalimu. Nimekitazama hadi chai ikapoa.

Jumatano, 6

Ushindi! Bwana Nathanaeli amevizungusha vipande na kusema Ijumaa niende navyo kijijini. Zahoro atafuatana nami. Zahoro amenusa vidole vyake, akasema shule yangu inanukia. Wivu mtupu.

Ijumaa, 8

Basi hadi Bumbuli, kisha miguu, mvua njia nzima. Shule imefika Mgwashi ikitoa povu.

Mkutano ulianza baada ya swala. Mwenyekiti, Mzee Athumani, akauliza milango iko wapi. Nikaeleza kwamba kwanza tunatazama ukubwa na mahali, milango baadaye. Akasema nyumba isiyo na mlango anaijua moja tu, na hana haraka nayo. Wazee wakacheka. Zahoro alicheka kuliko wazee.

Ndipo Mwamvita akasogea mezani. Akachukua stoo, akaihamishia upande unakotoka upepo wa mvua, madarasa yakakaa nyuma yake. Watoto wasilowe, alisema. Wote wakaelewa papo hapo. Nilitaka kulia. Hakuna aliyewahi kuishika kazi yangu namna ile.

Akauliza hiki kidogo ni nini. Nikasema banda la msimamizi. Akasema msimamizi atalala kwa Mzee Athumani, nafasi ipo. Tena duka la kijiji halina sabuni tangu mwezi uliopita, kwa hiyo ndugu Mussa, yaani mimi, nimwachie yeye hicho akafulie.

Ndugu. Siku hizi kila mtu ni ndugu, hata Zahoro.

Nikampa.

Jumatatu, 11

Bwana Nathanaeli amenipongeza. Mfano umemaliza kazi yake, wanakijiji wameelewa. Sasa kinachotakiwa ni mchoro, kwa hiyo anakwenda Zahoro. Miezi mitatu. Mimi nibaki hapa nichonge vijiji vingine.

Nimempa Zahoro salamu ampelekee Mwamvita. Amesema atazifikisha, kwa sauti ya mtu atakayezisahau kabla basi halijafika Soni. Jioni nilisimama uani kutazama upande wa Mgwashi. Ukungu tu. Namkumbuka mpaka kifua kinauma.

Jumatano, 20

Dereva wa lori ameniletea kikaratasi. Mwandiko wa Mwamvita! Anashukuru, kanga zake mbili zimetakata. Anauliza kama kijiji kinaweza kupangiwa majengo mengine. Hakumtaja Zahoro hata kidogo.

Nimekisoma mara kumi na moja. Mwanamke haandiki hivyo bure.

Mama amepata mche mmoja leo. Ameufungia sandukuni, kwa sababu ya panya. Ufunguo najua unapokaa.

Nimeshaanza zahanati na ghala. Banda la msimamizi safari hii nimelichonga kubwa kuliko yote, lisiishe kwa kufua mara moja.