Mguu Uliorogwa

Jumapili, 3 Juni 1979

Siku mbaya! Kwenye mieleka ya leo Abedi alininyanyua juu kama gunia la mpunga. Uwanja mzima unacheka. Mimi, Mamba wa Kindu! Nikapiga yowe: mguu wa kushoto umekufa, Abedi ameniroga! Mwamuzi akaogopa, akanipa ushindi. Nikatolewa uwanjani nimebebwa mabegani. Akili ni mali.

Jumanne, 5 Juni

Mke wangu Mbambu ananiletea bugali na samaki hadi kitandani. Majirani wanakuja kutoa pole. Naugua vizuri sana. Abedi hakuja. Basi, asije, ingawa ni rafiki yangu tangu utoto, na mieleka alinifundisha yeye.

Alhamisi, 7 Juni

Mbambu katoka sokoni na habari. Watu hawapandi tena mtumbwi wa Abedi kuvuka mto. Wanasema mchawi atawazamisha. Watoto wake wamelala njaa. Nikaisukuma kando sahani ya samaki. Nikaazimia kusema kweli. Halafu nikakumbuka: Jumamosi ni salongo, mtaa mzima kufyeka majani barabarani, na mgonjwa amesamehewa. Nitasema Jumapili.

Jumamosi, 9 Juni

Wazee wamenitangulia. Baada ya salongo walimleta Abedi na bakuli la maji. Ndiyo desturi: anayeshukiwa huyatia maji kinywani, akamtemea mgonjwa, uchawi ukatoka. Amekonda. Akalitemea goti langu, akasema polepole, "Mungu anajua kama njo miye niliroga huu muguu. Simama, ndugu yangu."

Moyo uliniuma kwelikweli. Nikamhurumia, nikasimama, nikatembea! Nilidhani namwokoa. Kumbe! Wazee wakatazamana: aliyefungua ndiye aliyefunga. Sasa wana hakika kuwa ni mchawi. Lilihitajika neno moja tu: "Nilidanganya." Lilifika kwenye meno, likarudi. Abedi alinitazama, kisha akamwaga maji yaliyobaki.

Jumapili, 10 Juni

Abedi amehama na watoto wake, wameshika njia ya Kalima. Mtumbwi kauacha ukingoni, hakuna anayeugusa. Nilikwenda kuutazama, nikalia machozi ya kweli. Waliopita wakanipa pole, wakasema mchawi yule amenionea sana.

Nami naona wamesema kweli. Rafiki wa utoto, kuondoka bila hata kuniaga! Nimeachwa peke yangu, na Jumapili ijayo napigana na jitu moja kutoka Lubutu. Mkono wa kulia umeanza kufa ganzi.