Mdomo Chini

Jumatatu, 16 Juni 2025. Mkuza, Kibaha.
Kampuni ya uwindaji ya Kisarawe inataka mtunza bunduki. Mmoja tu! Ataondoka na kambi kabla msimu haujafunguliwa Julai. Tuko wawili kwenye majaribio ya wiki hii: mimi na Evance wa Tumbi, mtu asiyejua tofauti ya mtutu na bomba la maji. Kazi ni yangu. Nimeshamwambia mama mwenye nyumba chumba nakiacha Jumapili.

Jumanne, 17 Juni.
Mwalimu wetu ni Mzee Mwishehe, askari wa wanyamapori mstaafu. Mzaramo. Nikamwamkia, nikataja kwamba mimi Mnyamwezi, kwetu Tabora. Kosa! "Marahaba, mbeba mizigo! Babu zako walibeba pembe, wewe leo unataka bunduki?" Nikamjibu Mzaramo akisikia ngoma, shamba humwachia nguruwe. Akafurahi sana.
Evance kwao Moshi, hana utani na Wazaramo. Basi yeye anafundishwa, mimi nataniwa. Mzee ati anasema bunduki ikishapakwa mafuta isimamishwe mdomo chini, kitako juu. Kichwa chini kama popo! Anataka Kisarawe nzima inicheke. Evance ameandika kwenye daftari. Maskini.

Jumatano, 18 Juni.
Kuchagua bunduki ya nyati. Mzee akasema usichukue kubwa kuliko zote, chukua inayokaa vizuri begani, kama kiatu. Utani tena. Ananiona mwembamba. Nikachukua 458, kubwa kuliko zote. Bega limevimba kabla sijafyatua. Evance kachukua 375.

Alhamisi, 19 Juni.
Usafi. Mzee akasema mafuta ni matone mawili kwenye kitambaa, basi. Matone mawili! Nimemimina nusu chupa. Haijapata kung'aa bunduki hivi mkoa wote wa Pwani. Nikaisimamisha stoo mdomo juu, kama askari wa gwaride. Ya Evance imening'inia kichwa chini. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Ijumaa, 20 Juni.
Mafuta yalishuka usiku kucha. Yamejaa kwenye kifyatulio, yamelowesha mbao za kitako. Meneja, Bi Laurensia, akainyanyua. Ikamponyoka kama kambare, ikaacha doa kwenye gauni lake. Akakataza isifyatuliwe. Evance akapiga risasi tatu, zote katikati ya shabaha.
Mzee Mwishehe hakucheka. Akaniambia alinifundisha kila kitu. Nikasema nilidhani utani. "Mtani wangu," akasema, "utani mahali pake msibani. Ukiuleta kwenye bunduki, msiba unakuja wenyewe."
Kazi kapata Evance.

Jumapili, 22 Juni.
Chumba kashapewa nesi wa Tumbi. Nimehamia kwa shangazi, sebuleni, mimi na mashine yake ya kusaga karanga. Jioni Mzee kapiga simu. Anasema amemwomba Bi Laurensia, kambi inahitaji mtu wa stoo ya mahema na viatu. Nifike kesho saa mbili asubuhi na vyeti. Nikamwitikia, ndiyo mzee.
Wazaramo!

Jumatatu, 23 Juni.
Simu nne za Mzee tangu saa moja. Ya mwisho anapaza sauti kwamba gari limewashwa, wote wamepanda, wananingoja mimi tu. Nyuma yake nilisikia hadi honi. Jamani, mzee anajua kuigiza!
Nikamwambia Mnyamwezi hadanganywi mara mbili. Nikazima simu, nikalala.