Kazi ya Maziwa

Jumatatu, 4 Mei 1953

Katika Jimbo zima la Kati hakuna kichwa kama changu. Gavana angenifahamu, asingepanga jambo bila kuniuliza. Na bado naamka alfajiri kupiga kengele.

Ndiyo utaratibu wa chuo hiki. Usiye na ada unapewa kazi, na kazi inakulipia masomo. Ukikosa kazi unafunga mzigo. Kengele yenyewe ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Baridi ya Iramba inauma masikio. Lakini nikikigonga, basi nipo kwetu Itigi. Treni inaingia, baba na genge lake wanaruka pembeni na masururu. Moyo unalainika kidogo.

Halafu anapita Isaka na mzigo wa kuni za jikoni. Ananiuliza: Bwana Stesheni, gari limechelewa? Kijana hana adabu.

Jumanne, 5 Mei

Habari kubwa. Asubuhi kwenye mstari Mwalimu Laurenti katangaza kwamba yule Bwana Mzungu aliyefikia nyumba ya wageni anataka mwanafunzi mmoja wa kazi ya maziwa.

Maziwa! Tangu nije hapa ni maharage, na maharage yenyewe yana wadudu. Nimemkumbuka Bibi Raheli na kibuyu chake. Alikuwa anakifukiza kwa kijinga cha moto, maziwa yanaganda humo, yanatoka mazito, yana harufu ya moshi. Anamimina juu ya ugali wa uwele, anasema kula mume wangu, usiache hata tone. Mimi na wadogo zangu tulikuwa tunagombania kulamba kata. Nilikuwa nashinda mimi.

Ila lazima wenzangu nao wanaitaka. Nimefanya akili. Nimepita bweni zima nikieneza kwamba ng'ombe wa yule Bwana ana kichaa, kamvunja mtu taya. Wamenitazama tu. Mmoja kauliza ng'ombe gani. Nikamwambia huyo huyo.

Jumatano, 6 Mei

Uongo wangu umefanya kazi kuliko nilivyotegemea. Hakuna hata mmoja aliyejitokeza. Nimekwenda peke yangu kwa Mwalimu Laurenti, nimemwamkia vizuri, nikasema natamani kazi ile tangu utotoni. Amefurahi. Kasema vijana wengi wanaiogopa. Nikajibu sisi watu wa Itigi tumeizoea. Kashangaa, kasema hakujua kama Itigi yapo. Nikasema yapo, tena mazuri.

Mtu mmoja kazi moja, kwa hiyo nimeiachia kengele. Isaka kaidaka kabla sijamaliza kusema. Jioni akaja kuniuliza kama najua kuogelea. Nimemjibu mimi siendi kuyaogelea, naenda kuyanywa. Kacheka mpaka kakaa chini. Wivu ni ugonjwa.

Mama Dorika wa jikoni kaniazima kibuyu. Nimemwahidi kumletea kikiwa kimejaa. Naye kaniongezea maharage. Ameshanipenda.

Ijumaa, 8 Mei

Naandika nimelala kifudifudi, mgongo hauwezekani.

Tumeondoka mapema kwa Landrova. Nikajua tunakwenda zizini. Tumepita Misigiri, zizi halijaonekana. Tumeteremka bonde, tumekwenda mpaka miti ikaisha, mbele maji meupe na tope. Bwana kashuka, kavua viatu, kanipa ufito mrefu wenye alama. Kasema niingie nao nipime kina.

Nimeuliza kwa heshima ng'ombe wako wapi.

Bwana yule Kiswahili chake amekisoma kwenye kitabu, anakitamka kama anahesabu mayai. Akanieleza taratibu: hili ni ziwa. Lile kule ni ziwa. Haya ni maziwa. Kisha akaniuliza kama nimeelewa, au wingi wa ziwa hatujafundishwa chuoni.

Nimeelewa. Nimesimama pale na kibuyu kiunoni.

Nikaingia. Hatua chache, tope likanishika hadi kifuani. Kadiri ninavyojitikisa ndivyo linavyonimeza. Nimekunywa maji yale, ni chumvi tupu. Bwana kanifunga kamba kwapani, kaifunga kamba kwenye Landrova, kanivuta kama gogo. Nimetoka mimi, kibuyu na suruali vimebaki. Ufito umebaki pia. Kumbe ulitoka Ulaya.

Jumamosi, 9 Mei

Nimerudishwa nimejifunga gunia. Bwana kamwambia Mwalimu Laurenti mimi ni kijana jasiri ila anaomba mwingine. Mwalimu kanipa mpaka Jumatatu. Nisipopata kazi nirudi Itigi nikashike sururu.

Nimekwenda kudai kengele yangu. Isaka kasema gari limeshaondoka, Bwana Stesheni, na kituo kina mkuu mpya. Mama Dorika hasemi na mimi. Ananipakulia mchuzi bila maharage.

Jioni Isaka kapiga kengele. Anaigonga vibaya, kama anapasua kuni. Hata hivyo nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho.

Jumatatu, 11 Mei

Nimepona, na kichwa changu kimerudi mahali pake. Watu wanadhani niliharibikiwa na tope, au na suruali. Hayo si kitu. Kilichoharibika kweli ni kimoja, na nakiri hapa tu: tangu ile chumvi iniingie mdomoni, nikifumba macho kumkumbuka Bibi, ladha ya maziwa yake haiji.

Basi. Leo kwenye mstari, nikiwa mzigo nimeshaufunga, Mwalimu Laurenti kaanza kueleza habari za uwele kuiva shambani. Hayo ya wakulima sikuyasikiliza. Ghafla nikasikia anatakiwa mwanafunzi wa kazi ya ndege.

Nimenyoosha mkono kabla hajafunga mdomo. Isaka alikuwa anataka kusema kitu, nikamkanyaga mguu. Mwalimu kaniuliza mara mbili kama sina swali. Sina. Kauliza kama naweza kupiga kelele kutwa nzima. Nikajibu ndiyo, najua mashine ile inavyonguruma, usipopiga kelele hamsikilizani. Kanitazama sana, kisha kaniandika.

Ada yangu imepona. Nikipita juu ya Itigi nitampungia baba mkono.

Nimekabidhiwa kombeo na mawe ya kutosha. Sijajua bado yanafungwa upande gani wa ndege.