Laini Thelathini za Tarafa ya Huangkeng

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, unayetusikiliza moja kwa moja kwa simu ukiwa mezani kwako. Mheshimiwa Diwani Tu. Wazee wa hekalu. Mama Mwenyekiti wa Umoja wa Wakulima wa Chai. Bwana Mpiga Picha, subiri kwanza nigeuke upande huu. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi ya watu watatu.)

Mimi, Tseng Jui-fang, Katibu Tarafa wenu, mwana wa bonde hili, nasimama kifua mbele kutangaza kwamba, kwa mujibu wa mpango mkakati shirikishi wa mawasiliano endelevu, na baada ya mimi binafsi kuumiza kichwa wakati wengine wamelala fofofo, tarafa hii imeagana na laini moja ya simu na sasa ina laini thelathini za nje, zilizopangwa na kuoanishwa ndani ya mtambo wa kisasa uliomo kwenye kabati hili, kiasi kwamba mwananchi akipiga kliniki akakuta laini ya kwanza ina shughuli, mtambo humrusha ya pili, ya pili ikijaa humrusha ya tatu, na asilimia mia na nne ya wapigaji watahudumiwa! (Sauti: "Mia na nne? Hao wanne wa juu ni mizimu?" Kicheko.)

Cheka, Bwana Kho. Cheka sana. Mwenye wivu ajinyonge.

Naona mkono. Bibi Luan, maswali baadaye. (Bibi Luan: "Baadaye ipi, mwanangu? Mzee wangu nimemwacha na jirani, mtungi wake wa oksijeni unaisha! Tangu uanze kuhutubia napiga kliniki, naambiwa laini ina shughuli!") Pole sana, bibi yangu. Hiyo si hitilafu, hiyo ni changamoto ya kipindi cha mpito. (Bwana Kho: "Changamoto gani! Tazameni juu ya kabati, kaweka pakiti ya njano!" Minong'ono.)

Hapo, ndugu zangu, Bwana Kho amenena. Nani kisiwani hapa asiyejua kwamba mtambo hutii ukiwekewa vitafunio vya mahindi vya pakiti ya kijani, na ukiuwekea ya njano unagoma? Afisa manunuzi ndiye aliyeleta ya njano, naye atachukuliwa hatua kali za kinidhamu, na tume itaundwa, itakwenda ng'ambo kujifunza, nami kwa moyo wa kujitolea nitaiongoza. (Miguno.)

(Bibi Luan: "Tume ya nini? Ya kijani ninayo kikapuni, niliinunulia mashine ya mzee ya kupumulia. Nipisheni niiweke humo ndani!") La, bibi! Humo hamfunguliwi! Umeme wake ni mkali! Bibi, shikamoo bibi, nakuomba, nakusihi... (Kabati lafunguliwa. Ndani mna simu moja ya kizamani, mkono wake umelazwa kando.)

Sasa msinielewe vibaya. Hiyo ndiyo laini ya kwanza. Kliniki nayo inaitumia hiyohiyo, sikatai, lakini kwa sasa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yumo humo anasikiliza hotuba. (Bwana Kho: "Kwa hiyo mzee wa watu akate roho ili wewe usifiwe?" Zomeazomea.) Lugha, Bwana Kho! Lugha!

Huangkeng oyee! (Kimya.) Laini thelathini oyee! (Kimya.)

Kwa kumalizia, namshukuru seremala aliyetuchongea kabati hili imara. Namshukuru aliyelipaka rangi. Nawashukuru nyinyi kwa uvumilivu wenu. Na kwa dhati kabisa namshukuru, tena mapema, fundi atakayezipanga hizo laini thelathini, pindi atakapopatikana, mara tu mtambo utakapoagizwa, baada ya kampuni ya simu kuulizwa kama laini zenyewe inazo. Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, kama nilivyokuwa nik... Bibi, usiikate simu hiyo! Bibi! Mheshimiwa hajanipongeza!

(Bibi Luan aweka mkono wa simu mahali pake. Apiga kwa simu yake ya mkononi. Ya kabatini inalia, na kule kliniki, ng'ambo ya bonde, inapokewa. "Halo, daktari wangu? Ni mimi, Luan. Leta mtungi, mbio!" Makofi ya ukumbi mzima.)