Turudishieni Njia Mbaya ya Mlimani

Kwa Mhifadhi Mkuu,
Hifadhi ya Mlima wa Mawe ya Chokaa.

YAH: OMBI LA KUHARIBIWA UPYA KWA NJIA YA JUU

Ndugu Mhifadhi Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama umeketi, basi umeketi kwenye kiti kilichotengenezwa na watu wanaosemezana. Mimi ni mshona makochi. Karakana yetu iko nyuma ya stendi, mlango wa bluu. Kaka yangu anaunda fremu za mbao, mimi natia springi, sponji na kitambaa, na ndivyo tulivyofanya tangu baba yetu alipotuachia nyundo na cherehani. Nakuandikia kwa heshima zote na bila hasira, isipokuwa ile kidogo utakayokutana nayo katika kipengele cha tatu.

Huenda wewe ni mgeni katika mlima huu, kwa hiyo nianze na jambo ambalo wakubwa wako hawakukwambia. Kwetu sisi, watu wakigombana hawaitiwi kikao. Wanapelekwa mlimani. Njia ya zamani ilipita kwenye ufa kati ya miamba miwili, na katikati ya ufa huo lilisimama jiwe kali tuliloliita Jino. Hakuna aliyeweza kulipanda Jino bila kuvutwa mkono na mwenzake, wala aliyetangulia kushuka upande wa pili bila kushikiliwa kutoka nyuma. Mama alikuwa akitupeleka hadi chini ya mlima, anakaa na chupa yake ya chai, anasema, "Nendeni. Mkirudi, mje na neno moja." Tulikuwa tunarudi nalo. Simkumbuki aliyeshuka akiwa bado amenuna, ukiwatoa mjomba na shemeji yake, na hao walishushwa kwa machela.

Sasa ofisi yako imejenga ngazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ngazi ni pana mno. Watu wawili wenye hasira wanapanda sambamba bila kugusana hata nguo, na nafasi inabaki ya mtu wa tatu mwenye hasira zake. Nasema kwa ushahidi. Daktari wa meno alituagiza kochi refu la chumba cha kusubiri. Kaka akanipa vipimo, nikakata kitambaa. Kesho yake akakuta ubao una ufa, akaupunguza, na kipimo kipya akakiandika kwa chaki juu ya fremu. Ndugu Mhifadhi, kitu cha kwanza ninachofanya mimi na fremu ni kuifunika kwa sponji. Chaki ya nini? Yeye anasema kila fundi husoma fremu kabla ya kuigusa. Mimi nasema kila fundi ana mdomo. Mama akatupeleka mlimani kama kawaida. Kaka akapanda upande wa kulia, mimi wa kushoto, tukafika kileleni, tukatazama mandhari yenu, nzuri kweli, tukashuka. Tulirudi na maneno mawili, kila mtu na lake.

2. Mishale ya njano. Zamani, pale miamba inapochanganyikana na kila uwazi unafanana na mwenzake, ilikuwa lazima mtu amuulize mwenzake, "Ni huku au kule?" Huyo ni mtu aliyekaa wiki nzima bila kukusemesha, na sasa anataka ushauri wako. Ndipo mazungumzo yalipoanzia. Siku hizi mshale unajibu kabla hujauliza. Sina ugomvi na mishale popote pengine inapochorwa, ila hapa imevunja nyumba za watu.

3. Madhara kwa umma. Tangu siku ile kaka anaunda fremu bila kunitajia kipimo, nami nashona kwa kukisia, maana sitamuuliza. Wifi yangu, mke wake, tulijaribu kumfanya mjumbe, akatuambia yeye aliolewa, hakuajiriwa posta. Matokeo yake ndiyo haya. Kochi la daktari wa meno limevaa kitambaa kilichopwaya kama suruali ya mtu aliyetoka kuugua, na wagonjwa wanateleza hadi sakafuni kabla hawajaitwa. Kiti cha mwalimu mkuu kimebanwa hadi springi zinamrusha. Walimu wake wanadhani anainuka kwa heshima yao, nao wanasimama, na kikao hakianzi. Kochi la maharusi wa jirani limebonyea katikati, lakini hao hawajalalamika na nisiwahesabu. Kwa kifupi mtaa mzima unakaa vibaya, na chanzo ni ngazi zako.

Hasira niliyoitaja ndiyo hii. Nimemkumbuka kaka yangu. Yuko upande wa pili wa karakana ileile, namsikia akipiga randa, namsikia akikohoa vumbi la mbao, hata akitafuta penseli iliyo sikioni mwake namjua. Zamani ningemwambia. Sasa nanyamaza, naye anatafuta mpaka mchana, na ninyi mmekaa huko mnapaka mishale rangi.

4. Vyuma vya kushikilia. Mwenye chuma mkononi hana haja ya ndugu. Naomba ving'olewe, na kama bajeti ya kung'oa haipo, basi vipakwe mafuta ya kula, na mafuta nitatoa mimi. Pia naomba Jino lirudishwe. Nafahamu kwamba vijana wako walilivunja kwa nyundo na vipande vyake vimetumika kujengea choo cha wageni, wala sitaki choo kibomolewe, mimi si mtu wa fujo. Nipo tayari kuwatengenezea Jino jipya kwa sponji ngumu na kitambaa cha kijivu, lenye makali ya kutosha. Tatizo ni kwamba litahitaji fremu, na kwa hali ilivyo sina wa kuniundia.

5. Mengineyo. Popo wa lile pango la njia ya zamani warudishwe, maana mmewafukuza kwa taa za umeme. Mtu akipitiwa na popo usoni humkamata yeyote aliye karibu, na akishamkamata ni vigumu kurudi kumnunia. Kila msimu wa mvua ofisi ilegeze vidaraja vichache vya ngazi bila kutangaza ni vipi. Karani wa langoni awaulize wageni, kwa upole, kama wamegombana. Waliopatana wapande ngazi zao. Waliogombana wapelekwe nyuma ya mlima, kusiko na mshale wala chuma, wafungiwe huko hadi warudi na neno moja. Utaratibu huu ukishazoeleka, naona hakuna sababu mahakama kuendelea kupoteza majengo mazuri kama yale, na yanaweza kugeuzwa karakana. Napendekeza tuanze kwa majaribio na idara zako mwenyewe, kwani nimesikia ya tiketi na ya usafi hazisalimiani.

Naamini utalipokea ombi hili kama lilivyotolewa, kwa nia safi. Wafikishie salamu walinzi wa langoni, mama anayeuza maji pale chini, fundi aliyejenga ngazi, ambaye kazi yake ni nzuri na hilo ndilo kosa lake, na popo, popote walipohamia. Mama yetu naye anakusalimu. Anasema wewe hana neno nawe, ana neno na saruji.

Ni mimi, anayekutakia makao mema,

Mshona Makochi wa Mlango wa Bluu

N.B. Nilipokuja na mama kuileta barua hii, nilimkuta kaka ametangulia kwenye foleni ya ofisi yenu, na yeye ana barua. Karani wako alizisoma zote mbili. Ya kaka ilikuwa na mchoro wa Jino la mbao, na chini yake maelezo kwamba kwa bahati mbaya hana wa kulishonea. Karani akasema malalamiko ya jambo moja kutoka familia moja hayapokelewi mara mbili, tukakubaliane ni ipi iingie, na tusikubaliane pale mlangoni kwake. Mama akabaki chini. Sisi tukapanda, yeye kulia, mimi kushoto, hadi pale kituo cha kwanza penye lile benchi jipya. Tukakaa, kila mtu pembeni kabisa.

Ndugu Mhifadhi, nani aliwatengenezea benchi lile? Tuliinuka kwa pamoja. Kaka akasema limeinamia mbele. Nikasema egemeo linasukuma shingo. Akasema misumari imepigwa na mtu aliyefumba macho, nikasema hajazaliwa binadamu mwenye mgongo wa namna ile, na tukaendelea hivyo kwa sauti kubwa hadi mama akadhani tunapigana. Mama huyo, ambaye kwa miaka mingi magoti yamemkataza kupita pale chini, alipanda mwenyewe akishikilia vyuma vya kipengele cha nne. Alitukuta tumepiga magoti, kaka ameshika mwanzo wa tepu ya kupimia na mimi mwisho.

Kwa hiyo ngazi ziacheni. Mishale iacheni, na vyuma mtu asiviguse. Tunachoomba ni ruhusa ya kuwatengenezea benchi lingine. Kaka amenitajia vipimo vyote kwa mdomo wake, kimoja baada ya kingine, kisha akaniuliza kama nimevisikia. Nilikuwa nimevisikia vizuri sana. Nikamwomba arudie.